Jicho Lililositiriwa

Katika lugha yetu neno kioo hubeba mambo matatu: kioo cha dirisha ambacho kwacho twaona ya nje, kioo cha ukutani ambacho kwacho twajitazama nyuso, na, tangu zilipoingia simu hizi za kugusa, kile kibapa king'aacho ambacho mafundi wote wa pwani hukiita kioo pasina kuhitaji jina jingine, wala haikupata kutupitikia kwamba iko siku kioo hicho nacho kitapewa basari, kikawa kinatutazama ilhali sisi twadhani kwamba ndio watazamao.

Nalikuwa nimeketi barazani kwa fundi mmoja wa simu, Mji wa Kale wa Mombasa, alipofika mzee aliyeletewa simu na mwanawe kutoka Ghuba. Aliigeuza mkononi, akaupitisha ukucha juu ya kioo chote kama atafutaye ufa katika sahani ya kaure, kisha akauliza: "Mwanangu, jicho lake la mbele li wapi?" Fundi akamjibu: "Liko hapo hapo, mzee wangu, limefichwa chini ya kioo." Mzee akailaza simu kifudifudi juu ya meza. Macho ya mgongoni, yaliyokuwa yakimkodolea waziwazi, hayakumshughulisha hata kidogo.

Usanifu huu haukuja ghafla. Mwaka 2018 kampuni ya Vivo ya China iliuza simu isomayo alama ya kidole kupitia kioo chenyewe. Mwaka 2020 ZTE, nayo ya China, ikatoa Axon 20, ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na kamera chini ya kioo. Na mwaka 2021 Samsung ikafanya vivyo katika kioo cha ndani cha simu yake ya kukunja, Galaxy Z Fold3, kwa kamera ya megapikseli 4. Hayo yamewezekana kwa vioo vya OLED, ambavyo kila nukta yake ni taa inayojitegemea, isiyohitaji taa nyingine nyuma yake. Hivyo msanifu huzipunguza nukta palipo na kamera, au huzifanya ndogo zaidi, akatandaza nyaya zipitishazo nuru, akaacha mianya myembamba. Lakini nuru ipitayo katika mianya myembamba hupinda na kutawanyika, hata taa ya barabarani ikaota manyoya na uso wa mtu ukaingia ukungu, na ikabidi programu iisafishe taswira kwa kukisia ilivyopasa kuwa. Jicho limejificha, na gharama ya kujificha limeilipa kwa uoni wake.

Kinachonistaajabisha zaidi, hata hivyo, ni kile kihisi kidogo cha mwanga, ambacho kazi yake ni kupima mwanga wa nje ili kioo kijipunguze au kijiongeze, na ambacho, kwa kuwekwa chini ya kioo, hukuta kwamba taa iliyo karibu nacho kuliko zote ni kioo chenyewe. Atajuaje jua la nje aliyewashiwa kandili usoni? Baadhi ya wasanifu hukokotoa kioo kinatoa mwanga kiasi gani na kuutoa katika hesabu. Wengine hutumia ukweli kwamba kioo hicho huzimika na kuwaka mara mamia kwa sekunde, upesi kupita jicho la mwanadamu, nao hukiamuru kihisi kipime katika ile dakika isiyo dakika ambayo kioo kimezimika. Imamu Ghazali, katika Mishkat al-Anwar, alizungumza juu ya hijabu za nuru sambamba na hijabu za giza, na mimi kwa miaka mingi nalilichukua neno hilo kuwa ni la majazi tu, hata nilipoelezwa kazi ya kihisi hiki nikafahamu kwamba nuru ya nafsi yaweza kweli kuwa pazia, na kwamba yuko asiyeweza kuona hata anyamazishe kwanza mwangaza wake.

Nirudi kwa mzee, na jicho lililomshughulisha kwa kuwa limefichwa. Nyumba zetu za kale, kama zile za Lamu, zilijengwa kwa daraja za sitara: daka, kisha kiwanda, kisha misana, hata ndani kabisa, na mgeni husimama mlangoni akapiga hodi, na maulamaa wametufunza kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya miguu, maadamu achunguliaye tunduni amekwisha kuingia. Sitara hiyo ilikuwa ya mwenye kutazamwa. Atasema mtu kwamba mwenye barakoa naye huona bila ya kuonekana. Naam, lakini barakoa humkinga avaaye na macho ya watu, wala haiwekwi ili awapeleleze. Na Muumini huishi chini ya Malaika waandishi asiowaona, wala hadhulumiki, kwani waliwekwa na Mwenye kuumba jicho. Ilhali waja, katika Sura ya Al-Hujurat, wamekatazwa kupelelezana. Kuona pasi na kuonekana ni sifa tusiyoazimwa.

Sisemi kwamba usanifu huu ni wa kuharimishwa. Mama aliye Lamu azungumzapo na mwanawe aliye Muscat huutazama uso wake, na kamera iliyo juu humwonyesha mwana kwamba mama ameinamisha macho. Lau jicho lingewekwa chini ya kioo, pale hasa palipo na uso, wangetazamana. Nalitamani hilo kwa moyo wote. Illa na jicho hilo lipige hodi. Tangu mwaka 2020 simu za Apple, na tangu 2021 zile za Android, huwasha alama ya kijani kamera inapofunguliwa. Ni hodi njema, lakini huandikwa na programu juu ya kioo kile kile kifichacho jicho. Insafu ni taa iliyofungwa katika umeme wa kamera yenyewe, isiyoweza kuzimwa peke yake.

Fundi aliiwasha kamera, akamwonyesha mzee ile alama ya kijani. Mzee alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. "Nani huiwasha?" "Programu, mzee wangu." Akaomba kipande cha tepu nyeusi. Fundi aliifunga kamera, akakikata, akakishika juu ya kioo, akakibandika; kikalifunika paji la uso na jicho moja la mjukuu wake, aliyekuwa akicheka katika picha ya kioo hicho.

"Kibandue," akasema mzee.