Msalaba wa Kujitakia



Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, wiki saba zilizopita. Wengine huisema kwa utani, wengine kwa kisirani, na shangazi yangu aliisema huku akinikunjia shuka, yaani kwa upendo kabisa: "Si umejitakia mwenyewe?" Sikumjibu, maana hata nguvu ya kubishana sikuwa nayo. Lakini kwa kuwa siku hizi kukaa ndiyo kazi yangu kubwa, nimeitafakari vya kutosha. Ndani yake kuna hoja nzito: kwamba mateso uliyoyachagua hayana haki ya kuitwa msalaba. Ukilazwa na malaria, tutakuombea. Ukilala kitandani kwa sababu ulisaini karatasi ya upasuaji kwa mkono wako, hiyo shauri yako.

Kwanza nieleze uchovu wenyewe ulivyo, maana wengi wanadhani ni uvivu wenye cheti cha daktari. Katika upasuaji wa aina niliyofanyiwa, hutolewa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni kama mrija mnene, umbo la ndizi. Wiki za mwanzo ni vimiminika tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa. Baadaye vinakuja vyakula vya kusagwa, kisha vile laini. Maji hayanywewi kwa kugugumia, unapiga funda moja, unasubiri, unapiga jingine, hivyo hivyo mpaka jioni. Na unatakiwa upate protini gramu 60 au zaidi kila siku, ilhali vijiko vinne tu vimekushibisha. Mwili unapata nishati kidogo kuliko unayotumia, kwa hiyo unachoma akiba yake ya mafuta, na usipokuwa makini unachoma hata misuli. Wakati huohuo kuna kidonda ndani kinachojiunga. Ndiyo maana napanda ngazi kumi na mbili halafu natafuta pa kukaa. Ndoo ya maji siigusi.

(Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kama wewe au ndugu yako mmepitia upasuaji huu, na kuna kutapika kusikokoma, miguu kufa ganzi au kuchanganyikiwa, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Upungufu wa vitamini B1 unaweza kuharibu neva kabisa. Novena mtaisali mkiwa kwenye foleni.)

Turudi kwa shangazi. Kama kuchagua kunafuta msalaba, basi tuna tatizo kubwa, kwa sababu Msalaba wenyewe ulichaguliwa. Katika Injili ya Yohane Yesu anasema waziwazi kwamba uhai wake hanyang'anywi na mtu, anautoa kwa hiari. Mama anayebeba mimba aliyoitamani hutapika asubuhi sawasawa na yule aliyeshtukizwa, na hakuna anayemwambia kichefuchefu chake si cha kweli. Kwa hiyo hiari peke yake haipunguzi kitu.

Ila nisijipandishe Kalvari bila tiketi. Mimi sikuingia chumba cha upasuaji ili kumwokoa mtu. Niliingia kwa sababu magoti yalikuwa yanauma, sukari ilikuwa inapanda, na nilitaka kuishi. Nilichokichagua ni matibabu. Udhaifu huu haukuwa lengo langu, ulikuja pamoja nayo, na nilijua utakuja. Nadhani tofauti hiyo ni muhimu. Mtu anayetafuta maumivu kwa ajili ya maumivu, Kanisa halimpigii makofi. Katekisimu inasema uhai na afya ya mwili ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza kwa busara, na papo hapo inaonya tusiugeuze mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Njia yangu inapita katikati ya hayo mawili, na ni nyembamba kweli.

Wapo pia wanaosema nimepita njia ya mkato. Wanasema Mkristo angefunga, angejinyima, angeshinda ulafi kwa sala. Hapo kuna dhana kwamba kila mnene ni mlafi na kila mwembamba ana kiasi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kuchambua jambo hili karne ya 13: ulafi hauko kwenye wingi wa chakula tu, uko pia katika kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kudai viandaliwe kwa namna ya pekee, na kula kwa pupa. Basi kijana wa kilo 55 anayemnunia mama yake kwa sababu mboga haikuungwa kwa nazi aingie naye kwenye foleni ya kitubio, tusimame pamoja. Leo hata Shirika la Afya Duniani linautambua unene uliopitiliza kuwa ugonjwa sugu. Mizani haijawahi kuwa kitabu cha dhambi.

Na niwaambie siri: kisu kimepunguza mfuko, hakikupunguza tamaa. Kwa miezi ya mwanzo njaa yenyewe ni kidogo kweli, kwa sababu sehemu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni inayoamsha njaa. Lakini harufu ya chapati za jirani saa kumi na mbili asubuhi bado inanijua kwa jina. Aiskrimu inateleza bila kizuizi chochote. Fadhila ya kiasi haikuingizwa mwilini pamoja na dripu, naanza kuitafuta sasa.

Kilichonisumbua zaidi ni sala. Nilizoea Rozari nzima, sasa nafika tendo la pili usingizi umenichukua. Mwanzoni hilo lilinitia huzuni kuliko kidonda. Rafiki mmoja wa VIWAWA ndiye aliyenikumbusha kuhusu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye alikuwa akisinzia wakati wa sala pale Karmeli ya Lisieux. Alijifariji kwa kusema kwamba watoto wanawapendeza wazazi wakiwa wamelala kama wakiwa macho. Huyu ni Mwalimu wa Kanisa, si mtu wa kubahatisha.

Halafu kuna Eliya. Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, taratibu. Nabii ametoka kushinda manabii wa Baali, anamkimbia Yezebeli, anajitupa chini ya mti na kuomba afe. Mimi ningetegemea malaika aje na hotuba, au amkemee kwa kukata tamaa. Malaika anamgusa tu na kumwambia ale. Kuna mkate na maji kichwani pake. Anakula, analala tena. Hakuna anayemlaumu kwa kulala tena! Malaika anarudi mara ya pili, anamlisha, na sababu anayoitoa ni kwamba safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, baada ya siku arobaini za kutembea, pale Horebu. Chakula na usingizi vilitangulia ufunuo. Nimeisoma sura hii mara nyingi wiki hizi, kila nikikaa na kikombe changu cha supu, na kila mara ninacheka kidogo, kwa sababu mkate ule mzima mimi ungenishinda.

Kwaresima ilinikuta katika hali hii. Sheria ya kufunga inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, na wagonjwa hawabanwi nayo. Hilo nililijua kichwani, lakini Ijumaa za jumuiya kila mtu anafunga na wewe una chupa ya maziwa, unajiona kama mtoro. Muungamishi wangu alinisikiliza, akaniambia: "Mwanangu, kufunga kwako mwaka huu ni kula." Nilidhani ananitania. Hakutania. Kula kwa saa, bila hamu, chakula kisicho na ladha, kwa kumtii daktari, ni kujinyima kuliko kukosa chakula cha mchana kulivyowahi kunigharimu. Na katika wiki zile za vimiminika, nilipoomba Ekaristi, Padre aliniletea kipande kidogo sana, nikakimeza kwa funda la maji. Kristo ni mzima katika kila kipande, tulifundishwa hivyo kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nililielewa kwa mwili nikiwa kitandani.

Kuna punje ya ukweli katika neno la shangazi, na sitaki kuitupa. Kwa kuwa nilichagua, sina ruhusa ya kuugeuza uchovu wangu kuwa rungu la kuwapigia walio nyumbani. Mdogo wangu hakusaini chochote, na ndiye anayechota maji. Mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kupigwa risasi, Yohane Paulo II aliandika barua juu ya mateso, na sehemu kubwa ya mwishoni mwake inamhusu Msamaria Mwema: mateso yapo pia ili kuamsha upendo ndani ya mtu mwingine. Ni maneno matamu ukiwa Msamaria. Ukiwa yule aliyelala barabarani, unatakiwa ukubali kubebwa juu ya punda, watu wakiangalia. Ninajifunza kusema "asante" bila kuongeza "samahani" nyuma yake. Bado inaniponyoka.

Jumamosi kwaya wana mazoezi ya Pasaka. Mwalimu amesema ataniwekea kiti pembeni ya kinanda, niimbe ninachoweza, nikichoka nifuatilie kwa macho. Sauti ya tatu wapo wawili tu, kwa hiyo nitakwenda. Mniombee pumzi.