Ulimi na Kaburi la Askari

Wapenzi wakatekumeni, katika mwezi wa Novemba Kanisa huwaombea marehemu. Mwaka 2023, tarehe 19 ya mwezi huo, kampeni ya uchaguzi ilianza nchini mwetu. Kule Kivu ya Kaskazini askari walikuwa wakifa vitani. Na redioni vita hiyo ilitajwa ili kuwachafua washindani: huyu ni mgombea wa wageni, yule ni msaliti.

Je, sisi wa Kingamyambo hatujui matunda ya maneno kama hayo? Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwaita wenzetu wa Kasai wageni. Ndipo watu walipofukuzwa nyumbani mwao, Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingojea gari la moshi, wengi wakafa.

Risasi haiulizi kabila. Basi anayetumia kaburi la askari kumsingizia mwenzake amekosa mara mbili: amevunja amri ya nane, na amemnyima marehemu sala yake. Yuda Makabayo hakufanya hivyo. Askari wake waliokufa walikutwa na hirizi za sanamu. Naye hakuwatukana, bali alikusanya fedha, akazipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili yao.

Ninyi mnautaka ubatizo. Mkisikia neno baya juu ya mtu, ulizeni: Ni kweli? Nani aliona? Pasipo jibu, neno hilo lifie kwenu. Kisha pigeni magoti, msali Baba Yetu moja kwa ajili ya askari ambaye hakuna anayemtaja.