Kazi tatu, jicho moja

Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walionya. Je, mpiga picha anayeandika na kuhariri atapoteza zote? Maisha ya Mmarekani Gordon Parks yanakanusha. Mwaka 1942 alimpiga picha mfanya usafi Ella Watson, ufagio mkononi, mbele ya bendera ya taifa. 1963 akatoa riwaya, The Learning Tree. 1970 akashiriki kuanzisha jarida la Essence na kuongoza uhariri wake. Kazi zote tatu zinadai uamuzi uleule: kipi kibaki, kipi kiachwe. Ni kweli muda hugawanyika, na wapo waliogusa kila kitu wasimalize chochote. Lakini methali inahusu mambo yanayovutana, si yanayolishana. Kabla ya kuongeza kazi ya pili, pima kama itainoa ya kwanza.