Mapenzi ya Dukani na Mlango wa Halali

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wake na waume, akatia baina yetu mapenzi na huruma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu wasomaji, katika darasa letu tuliletewa suali na binti mmoja Muislamu wa hapa Mombasa. Hatumtaji jina lake, wala hatulitaji duka afanyalo kazi, kwani kumsitiri Muislamu ni wajibu wetu. Yeye ni keshia katika mojawapo ya maduka haya makubwa ambayo watu huyaita supamaketi. Asema kwamba kijana mmoja, apangaye bidhaa katika rafu za duka lilo hilo, amempenda, naye pia amempenda, na huu ni mwaka wa pili. Kijana alipeleka posa, na baba wa binti akairudisha kwa sababu mbili: kwamba kazi ya kijana ni kupanga makopo, na kwamba hana fedha za dhahabu na za ukumbi. Tena msimamizi wao, naye ni mume wa mtu na baba wa watoto, amemwambia binti kwamba asipomkubali yeye atampangia zamu ya usiku kila siku, avuke kivuko cha Likoni saa nne za usiku peke yake. Basi auliza: "Je, kosa langu ni kupenda kazini?"

Katika waliohudhuria palikuwa na wenye jawabu tayari. Mmoja alisema kwamba mwanamke asifanye kazi dukani kabisa. Wa pili akasema kwamba wote wawili wafukuzwe, na fitina itakwisha. Walakini jawabu jepesi silo daima lililo la haki. Mshahara wa binti huyu ndio ulipao karo ya nduguze, na baba yake aujua, na aupokea kila mwisho wa mwezi. Akifukuzwa, atakayelia si yeye peke yake.

Twasema hivi: kupenda kwa moyo si kosa, kwani moyo hauna mwenye kuumiliki illa Muumba wake. Aulizwalo mtu ni pale alipoyapeleka mapenzi yake, je, ameyaingiza nyumbani kwa mlango au kwa dirisha?

Tazameni kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Sura ya Al-Qasas. Alifika Madyan mkimbizi, hana kitu, akawakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao kando ya kisima, wakingoja wachungaji wanaume waondoke. Walikuwako pale kwa kazi, kwa kuwa baba yao alikuwa mzee sana. Musa akawauliza wana jambo gani, wakamjibu kwa kadiri ya haja. Akawanyweshea wanyama wao, kisha akenda zake kivulini. Hakuwafuata njiani, wala hakuomba chochote kwao. Baadaye mmoja wao akamjia akitembea kwa haya, akamwambia kwamba baba yake amwita amlipe. Binti akamshauri baba yake amuajiri mtu huyo, kwa kuwa ana nguvu na ni muaminifu. Na yule mzee, badala ya kumuuliza mgeni ana dhahabu kiasi gani, alimwambia kwamba ataka kumuoza mmoja wa binti zake, kwa sharti ya kumfanyia kazi miaka 8, na akitimiza 10 itakuwa ni hisani yake. Akaongeza kwamba hapendi kumtia mashakani.

Ndugu zangu, ndoa hii ilianzia mahali pa kazi. Na Bibi Khadija (r.a.) naye alikuwa tajiri mwenye biashara, akamkabidhi Bwana Mtume (s.a.w.), kabla ya utume, mali yake aipeleke Sham. Alipoiona amana yake, na mtumishi wake Maysara alipomsimulia tabia aliyoiona safarini, alimtuma mwanamke muaminifu aitwaye Nafisa kwenda kuuliza, na ndoa ikafungwa mbele ya wazee wa pande mbili. Basi asemaye kwamba mapenzi ya kazini yote ni uchafu, na ayazingatie visa hivi viwili kwanza.

Lakini enyi vijana, msifurahi mkasahau masharti. Katika visa hivyo palikuwa na haya, na maneno yaliyokuwa kwa kadiri ya haja, na mzazi au mjumbe aliyejua upesi. Hapakuwa na miaka miwili ya ahadi. Leo twasikia ya keshia na mwenzake kujifungia stoo usiku wa kuhesabu mali, na ya kuandikiana kwenye simu hata alfajiri. Bwana Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiyekuwa maharimu yake, na stoo haikutolewa katika katazo hilo. Kuna na jambo jengine lisilotajwa sana, nalo ni amana. Mtu humfichia mpenzi wake upungufu wa fedha katika mtoto wa meza, au humuandikia amefika saa mbili hali amefika saa tatu, au humpitishia jamaa yake bidhaa pasipo kuzipigia bei. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa mapenzi. Binti wa Madyan alimsifu Musa kwa uaminifu, basi nyinyi mwataka kuoana kwa sifa gani?

Ama wewe msimamizi, maneno haya ni yako. Katika Sahihi ya Bukhari mna kisa cha Barira, mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Aisha (r.a.). Alipopata uhuru alikuwa na hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kumwacha, akachagua kumwacha. Mughith akawa akimfuata katika njia za Madina, machozi yakimtiririka ndevuni. Bwana Mtume (s.a.w.) akamhurumia, akamsemea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba si amri, ni kuombewa tu. Akasema hana haja naye, na yakaishia hapo. Yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na mbele yake ni mwanamke aliyekuwa mtumwa, wala hakumlazimisha moyo wake. Wewe umepewa kalamu na karatasi ya zamu, nawe wajiona una haki ambayo Mtume hakujipa!

Na hata serikali haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, yahesabu kuwa ni udhalilishaji mwajiri au mfanyakazi mwenza kutaka mambo hayo kwa ahadi ya upendeleo au kwa kitisho cha kazi. Na mwenye wafanyakazi 20 au zaidi yamlazimu atoe maandishi ya kuonya na kueleza njia ya kushtaki. Enyi wenye maduka mlio Waislamu, waliokuja kwenu kutafuta riziki ni amana yenu. Je, maandishi hayo mmeyabandika, au mwangoja mtoto wa mtu aharibiwe kwanza?

Na sasa twafika kwa wazee, na hapa ndipo penye uchungu. Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah hadithi yenye maana kwamba wapendanao wawili hawana kilicho bora kuliko kuoana. Sisi tumeichukua dawa hii tukaifungia kabatini, na ufunguo wake ni ukumbi na seti za dhahabu na karamu ya siku tatu. Kisha kijana akipita dirishani twapiga kelele! Kweli, maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wameitaja kazi katika mambo ya kafaa. Lakini binti naye ni mfanyakazi wa duka lilo hilo. Mwaridhia binti yenu apokee fedha kwenye kaunta, kisha mwamdharau apangaye rafu hatua kumi nyuma yake. Hiyo si kafaa, ni kiburi. Na wali azuiaye posa pasipo sababu ya sharia, hali binti ameridhia mtu aliye kafaa yake, ajue kwamba sharia imempa Kadhi uwezo wa kuoza.

Basi jawabu letu kwa binti ni hili. Kosa lako si kupenda. Acha faragha na maneno ya usiku tangu leo, hata jambo lenu liwe wazi. Mambo ya msimamizi yaandike, siku na saa, uyapeleke kwa mwenye duka, wala usione haya, kwani haya hizo ni zake yeye. Na usimkimbie baba yako, bali mtafutie wa kumsemesha kwa adabu. Wazee watatu wa darasa letu wamekubali kumwendea Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri. Hawatakwenda kumshambulia, watakwenda kumkumbusha mzee wa Madyan, aliyemuoza mkimbizi asiye na kitu, akapata mkwe aliyekuwa Nabii.

Ewe Mola wetu, walainishie nyoyo wazazi wetu, uwahifadhi binti zetu na vijana wetu katika kazi zao, na uwarahisishie wapendanao njia ya halali. Amin.