Akiba Inayoonekana

Akiba haiozi, tunaambiana. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu huku Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara. Tangu hapo bwana shamba akija kijijini wimbo ni ule ule: kausha vizuri, gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta, hewa ipite.

Kuna duka hapa Mlali limeenda mbele zaidi. Mbao zimetolewa, zikaingia shelfu za waya, zile za supamaketi. Unga, sukari, mafuta, sabuni: hewa inapita, vumbi halitulii, panya hana pa kujificha. Ila na macho nayo yanapita. Hapo ndipo ninapokwama.

Kwenye tembe za Wagogo nafaka ilikaa ndani, gizani, katika vilindo vya magamba ya miti. Mgeni alikula akashiba, lakini kilindo kimefika wapi hakujua. Wapo wanaoita hiyo choyo. Mimi nakataa. Nchi hii ilipita Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kubeba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuwa wapagazi. Watu waliotoka huko walijua kwamba giza lile lilimsitiri hata muombaji: alipewa kibaba akashukuru, hakuondoka akipiga hesabu ya alichonyimwa.

Sasa mama anasimama mbele ya waya, mtoto mgongoni, unga anauona hadi mfuko wa mwisho. Mwenye duka hawezi kusema umeisha. Je, njaa inampa mama huyo haki juu ya anachokiona? Ya kuchukua, hapana. Duka likifilisika kijiji kizima kitafuata unga Kibaigwa, na nauli juu. Lakini ana haki ya kujibiwa na mtu, siyo na bei iliyobandikwa (maana bei nayo ni giza la aina yake, unajificha nyuma yake bila aibu). Akimnyima, amnyime kwa mdomo wake, wakitazamana.

Huyu wa Mlali huwa anakopesha. Daftari la madeni haliko kwenye waya, liko chini ya kaunta, na hata mimi na uandishi wangu wa habari sikuonyeshwa. Hujaa zaidi Februari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani.