Neno "Usiogope" ni Ahadi

Mbwa anayeogopa mlio wa bunduki hafichi. Mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala, anahema hata kama asubuhi ni ya baridi. Ukimpa kipande cha nyama anakigeuzia uso. Kwa mbwa wa nyumbani hilo ni jambo la kuhurumiwa tu. Kwa mbwa wa kazi, anayetakiwa kufuata nyayo za jangili porini pamoja na askari wenye silaha, hilo linatosha kumkosesha kazi. Ndiyo maana wakufunzi humtoa hofu hiyo. Kwamba kwa mbwa wengi inawezekana, hilo halina ubishi. Ninachouliza ni kama tuna haki ya kufanya hivyo, na kwa masharti gani.

Njia yenyewe ina umri wa karne moja. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha habari za mtoto aliyemwita Peter, aliyeogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachokipenda, na sungura akaletwa ndani ya kizimba, akawekwa mbali. Kidogo kidogo akasogezwa, mpaka siku moja Peter akamshika kwa mikono yake. Mbwa hufundishwa vivyo hivyo. Mlio unaanzia mbali sana, hafifu, na papo hapo anapata nyama: mlio kwanza, nyama baadaye, ili mlio uwe habari njema. Siku akikataa nyama, mkufunzi anajua amesogea mno, anarudi nyuma.

Wapo wanaopenda njia ya mkato: mfunge karibu na uwanja wa shabaha, atazoea mwenyewe. Mara nyingi hazoei. Anaanza kuogopa hata bunduki ikikokiwa, na pengine hata gari lililompeleka uwanjani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka huohuo wa 1924 mafuriko yaliingia katika maabara ya Pavlov kule Leningrad, na mbwa wake wakanusurika kufa maji vizimbani. Baadhi yao walipoteza yale waliyofundishwa, na baadaye maji machache yaliyopenya chini ya mlango yalitosha kumvuruga mmoja wao upya. Hofu inayoingia kwa kishindo haitolewi kwa kishindo.

Basi njia ya polepole ndiyo njia ya huruma. Lakini njia ya huruma nayo yaweza kutumika kwa jambo lisilo la haki, na hapo Simiyu ina la kutufundisha.

Vijiji kadhaa vya Bariadi, Itilima na Meatu viko jirani na Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Msimu wa mavuno tembo huvuka mpaka na kuingia mashambani. Watu hupiga madebe na vuvuzela, askari wa wanyamapori hurusha mabomu baridi au kufyatua risasi hewani. Mwanzoni tembo hukimbia. Baadaye wapo wasiokimbia tena, kwa kuwa wamegundua kwamba kelele ile haina kitu nyuma yake. Mkulima aliyepoteza ekari ya mahindi kwa usiku mmoja hawezi kumsifu tembo huyo kwa ushujaa. Humwita sugu.

Tazama sasa. Tembo amejifunza kutoogopa mlio, na tunasikitika. Mbwa anajifunza kutoogopa mlio uleule, na tunampongeza. Tofauti iko katika faida yetu: hofu ya tembo inatulindia shamba, hofu ya mbwa inatuharibia doria. Hatua ya kwanza ya uaminifu, basi, ni kukubali kwamba mbwa wa kazi hatolewi hofu kwa ajili yake peke yake.

Mtu anaweza kujibu kwamba mbwa naye ananufaika. Mnyama anayetetemeka kwa kila mlio anateseka, na kumtuliza ni hisani. Ni kweli, na kama kinachomtisha ni radi, mjadala umekwisha: mbwa aliye ndani ya nyumba hatarini mwa radi hayupo, hofu yake imezidi hatari, na anayemtuliza anamsogeza karibu na ukweli. Tembo pia amesogea karibu na ukweli, kwa sababu kelele ya shambani kweli ilikuwa tupu.

Risasi ya jangili si tupu. Tarehe 29 Januari 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akiruka na helikopta juu ya Pori la Akiba Maswa, akisaidia kuwasaka majangili waliokuwa wameua tembo. Walimpiga risasi kutoka chini, akafa. Gower alijua bunduki ni kitu gani, na kwa ujuzi huo alipanda helikopta. Huo tunaweza kuuita ujasiri. Mbwa tuliyemfundisha kwa nyama hajui. Kichwani mwake mlio ni mwito wa chakula. Tumemwambia habari kuhusu dunia, na siku ikifika habari hiyo inaweza kuwa uongo.

Ndiyo maana naona kwamba kumtoa kiumbe hofu ni kumpa ahadi. Ukisema "usiogope", umesema "hatari hii nitaibeba mimi". Mkufunzi aliyemwaminisha mbwa kwamba mlio hauna madhara ana deni la kuhakikisha kwamba, kwa mbwa huyo, hauna madhara. Deni hilo lina sura za kawaida kabisa: kamba ndefu isiyoachiwa ovyo, amri ya kumrudisha nyuma nyayo zikiwa mbichi, askari anayekubali kwamba kazi ya mbwa ni pua na imeishia pale. Na yuko mbwa ambaye baada ya miezi ya subira bado anakataa nyama. Huyo amejibu. Pua yake haijaharibika: anaweza kukagua mizigo na magari getini, akatafuta pembe na nyamapori mahali ambapo hakuna anayefyatua.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hawakuwa wakiusifu woga. Walikuwa wakikumbusha kwamba ushujaa una gharama na kwamba kuna nyumba inayoilipa. Tunaambiana "usiogope" kila siku: mzazi kwa mtoto anayekwenda bweni, bosi kwa kijana anayepanda juu ya jengo bila mkanda, mwanasiasa kwa vijana anaowaita barabarani. Neno ni lilelile, lakini kipimo ni kimoja: anayelitamka atasimama wapi hatari ikija? Mzazi anayepiga simu shuleni kila wiki ameibeba ahadi yake. Bosi aliyebaki chini kivulini, mkanda ukiwa stoo, amechukua hofu ya mwenzake na hakuweka kitu mahali pake.

Mbwa hawezi kutuuliza swali hilo. Anakula nyama, anasikia mlio, anatuangalia usoni kujua kama mambo ni salama, na atakachokiona pale atakiamini.