Uhuru wa Kupewa na Uhuru wa Dhamiri: Tafakuri juu ya Frere Town

Je, aliyekombolewa huwa huru kumkatalia mkombozi wake? Swali hili huzuka kila kinaposomwa kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934).

Frere Town, iliyoko Kisauni, kusini mwa Bamburi, ilianzishwa na wamishenari wa Church Missionary Society mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kukubali kufunga masoko ya watumwa. Walionaswa majahazini waliletwa hapo, wakapewa makazi, kazi, elimu na dini. Dini hiyo ilikuja pamoja na paa na chakula. Asiyeitaka alikuwa na mahali pachache pa kukimbilia, kwani utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hiyo hadi mwaka 1907.

Mbotela, mzaliwa wa Frere Town na mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, anasimulia kwa shukrani. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwatukuza Waingereza. Lawama hiyo ina msingi, lakini haitoshi. Shukrani ya aliyeokolewa ni ya kweli. Linalotatiza ni kwamba palipo na deni kubwa kiasi hicho, ni vigumu kupambanua imani na malipo.

Ulinganisho na Ulaya unasaidia. Mwaka 1573, mjini Warsaw, makabaila wa Poland na Lithuania waliafikiana kutomwaga damu kwa sababu ya dini, na mfalme mteule, Henri wa Valois, akatakiwa kuuapia mwafaka huo. Walikuwa na ardhi, silaha na kura. Waliweza kumkatalia mfalme na bado wakarudi majumbani mwao. Wakulima waliowatumikia hawakuwa na nguvu hiyo.

Hivyo basi, kipimo cha uhuru wa dhamiri ni gharama ya kukataa. Hapana anayeweza kudai kwamba ingekuwa heri watumwa wale waachwe majahazini. Kuokoa si kosa. Kosa ni kuugeuza wokovu kuwa rehani ya moyo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza mtu kunyimwa kazi, huduma au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Kwa kipimo hicho, wakazi wa kwanza wa Frere Town walitolewa minyororo kabla ya kupewa uhuru.